Kago, mkataba au marufuku: njia tatu za kuishi na bomu la nyuklia, zikipimwa kutoka Malindi

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuoni. Wiki iliyopita alinijia hapa Malindi na swali la mdahalo limekunjwa ndani ya daftari. Nchi isiyo na bomu la nyuklia, kama Kenya, iunge mkono sera ipi: wenye mabomu waendelee kutishiana ili asithubutu mtu, wakubaliane kuyapunguza na kukaguana, au mabomu yapigwe marufuku kabisa? "Mjomba, nichagulie moja," akasema, kama mtu anayeulizia basi la Mombasa.

Sikumchagulia. Tulikaa barazani mpaka kahawa ikapoa kwenye dele, tukazipima moja baada ya nyingine, na haya ndiyo tuliyoyaona, kwa yeyote mwenye swali kama lake. Methali ya mafahali na nyasi nimeiacha makusudi. Midahalo ya nyuklia Afrika hupenda kuanza nayo, na hakuna anayebaki kuiuliza nyasi ingechagua nini.

Kwanza tuzijue kwa sura. Ya kwanza, ya kuzuiana kwa vitisho, mimi naiita kago. Huku kwetu mwenye shamba asiye na ukuta wala mlinzi hutundika kago, uganga wa kumtisha mwizi, kwenye mnazi au mwembe: mwizi alione, aamini, apite zake. Ya nyuklia ni hivyo hivyo. Ukinipiga, nitakurudishia pigo ambalo hakuna ngawira itakayolifidia. Na ili litishe kweli, lazima lisiweze kung'olewa usiku. Ndiyo maana Uingereza imeweka silaha zake zote za nyuklia ndani ya nyambizi, na Marekani, Urusi na Ufaransa zimeficha sehemu ya zao huko huko chini ya bahari.

Ya pili ni mkataba: mabomu yapo, ila wenyewe wanapatana idadi, aina, na nani aingie kwa nani kuhesabu. Ya tatu ni marufuku: kumiliki, kutumia na hata kutishia kuwe kosa, kama zilivyo silaha za kemikali tangu mkataba wake uanze kazi 1997.

(Usiyachanganye haya na kinu cha umeme. Mpango wa kinu uliopendekezwa Uyombo, huku huku Kilifi, na wakazi wakaupinga, ni mjadala mwingine wenye hoja zake. Urani ya kinu cha umeme kwa kawaida husafishwa hadi asilimia 3 hadi 5. Ya bomu hufika kama asilimia 90. Katikati ya namba hizo mbili ndimo wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wanamofanyia kazi.)

Kipimo changu kikubwa ni kimoja: siku mtu akikosea, ni nini kinachosimama kati ya kosa lake na sisi? Siku ambayo kila mtu ana akili timamu na kila mtambo unafanya kazi, sera zote tatu zinapendeza.

Aliyelitupa na aliyelishika

Lakini mtetezi wa kago hataanzia kwenye kosa. Ataanza na majina, na lazima uwe na jibu. Libya ilikubali kuacha mradi wake wa silaha Desemba 2003. Oktoba 2011 Gaddafi akauawa, baada ya miezi ya mashambulizi ya ndege za NATO. Ukraine ilirithi vichwa vya nyuklia vya masafa marefu vipatavyo 1,900 Umoja wa Kisovieti ulipovunjika. Ikavirudisha Urusi, na mjini Budapest, 5 Desemba 1994, ikapewa ahadi kwamba mipaka yake itaheshimiwa, kwa saini za Marekani, Uingereza na Urusi yenyewe. Mwaka 2014 Krimea ikachukuliwa, na 2022 ikaja vita kamili. Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia 2003, ikajaribu bomu lake la kwanza 2006, na hadi leo hakuna aliyeivamia. Ukiongeza Iran, iliyopigwa na Israel na Marekani Juni 2025 ilhali haikuwa na bomu, hoja inaonekana imetimia.

Ina nguvu, na nilimwambia binti asiifanyie mzaha. Ila ina matundu. Libya haikuwa na bomu la kutupa. Ilikuwa na mashine na michoro. Vichwa vya Ukraine vilikuwa kwenye ardhi yake, lakini mamlaka ya kuvifyatua yalikuwa Moscow. Korea Kaskazini nayo ilikuwa haivamiwi miaka mingi kabla ya 2006, kwa kuwa mizinga yake ya kawaida inafika Seoul.

Halafu kuna India na Pakistan, ambao wote wawili walijaribu mabomu Mei 1998. Mwaka uliofuata walipigana Kargil, huko Kashmir, na Mei 2025 wakarushiana makombora na droni kwa siku nne. Huenda kago liliwazuia wasiende mbali zaidi. Kupigana halikuwazuia.

Kwenye kitanga cha pili cha mizani yuko ndugu yetu wa barani. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita, ikayavunja yenyewe, ikaingia kwenye ule Mkataba wa Kuzuia Kuenea Julai 1991, na Machi 1993 Rais de Klerk akalieleza bunge. Wapo wanaosema hakutaka yaangukie mikononi mwa serikali ya watu weusi, na sioni sababu ya kuwabishia sana. Lakini pia wanajeshi wa Kuba, waliopigana nayo, walikuwa wakiondoka Angola na Umoja wa Kisovieti ulikuwa unakata roho. Aliyeishiwa na adui hulitua bomu kwa wepesi. Ukraine hakuishiwa na adui.

Katika duru hii, basi, kago linaongoza kidogo, kwa yule tu mwenye jirani wa kumla.

Roketi ya Ngomeni na dakika za Yeltsin

Kwenye siku ya kosa ndipo Malindi ina la kusema. Kaskazini ya mji, Ngomeni, majukwaa ya chuma ya Wataliano yangali yamesimama baharini. Kuanzia 1967 hadi 1988 setilaiti zilirushwa pale kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout. Iliyo mashuhuri kuliko zote ilipaa 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru, ikawa setilaiti ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza nyota kwa eksirei. Watoto wa Malindi hufundishwa kujivunia hilo, na wana haki. Wasichoambiwa ni kwamba injini ya hatua ya pili ya Scout ilitokana na ile ya kombora la kijeshi lililoitwa Sergeant. Kilichobeba darubini kutoka Ngomeni na kinachobeba kichwa cha nyuklia ni ndugu wa baba mmoja. Anayekodolea rada kutoka mbali haoni nia. Anaona moto na mwendo.

Wanorwe walilijua hilo 25 Januari 1995. Walirusha roketi ya utafiti kutoka kisiwa cha Andøya, ikachunguze ile mianga ya rangi inayocheza angani kwenye ncha ya kaskazini. Rada za Urusi zikaona kitu kinachofanana na kombora lililofyatuliwa na nyambizi ya Marekani. Norway ilikuwa imetoa taarifa siku nyingi kabla, lakini taarifa ilikwama njiani, haikumfikia aliyekaa kwenye rada. Mkoba wa nyuklia ukafunguliwa mbele ya Rais Yeltsin. Dakika zikapita, roketi ikaonekana inaelekea baharini, mbali na Urusi, watu wakashusha pumzi. Karatasi moja iliyolala kwenye meza isiyo yake. Aliyewahi kufuatilia faili katika ofisi yoyote ya serikali anajua jambo hilo ni jepesi kiasi gani kutokea.

Na haikuwa mara ya kwanza. Oktoba 1962, katika zogo la makombora ambayo Wasovieti waliyapeleka Kuba, afisa Vasili Arkhipov alikataa kuafiki torpedo ya nyuklia ifyatuliwe kutoka nyambizi ya Kisovieti iliyokuwa ikiandamwa na meli za Marekani. Tarehe 26 Septemba 1983, Stanislav Petrov, afisa wa Kisovieti aliyekuwa zamu, aliarifiwa na mitambo kwamba makombora matano ya Marekani yanakuja, akaamua kwa akili yake kuwa mitambo imekosea. Ilikuwa imekosea kweli: ilidanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu.

Hapo kago linaanguka vibaya. Mtoto wa mwenye shamba akikwea mnazi gizani, kago halimwulizi jina. Mwaka 1962 na 1983 kilichotuokoa kilikuwa mtu mmoja mmoja mwenye moyo mtulivu, na hakuna sera inayoweza kuahidi kwamba zamu ijayo atakuwepo mwingine kama yeye.

Mkataba unafanya nini siku hiyo? Unapunguza giza. Baada ya Kuba, Washington na Moscow ziliunganishwa kwa njia ya dharura ya mawasiliano, 1963. Mwaka 1988 zikapatana kupeana taarifa kabla ya kurusha makombora ya masafa marefu. Mkataba wa New START, uliotiwa saini Prague 2010, uliruhusu ukaguzi hadi mara 18 kwa mwaka: Mrusi anaingia kwenye kambi ya Mmarekani na kuhesabu, na Mmarekani vivyo hivyo. Taarifa inaweza kukwama, kama ya Norway ilivyokwama, lakini mtu aliyezoea kupata taarifa kila siku hashtuki haraka kama aliyekaa kimya miaka mitatu.

Marufuku siku hiyo ina jibu zuri kuliko yote, kwamba lisilokuwepo halifyatuki. Tatizo ni kwamba wenye mabomu hawajaingia, hata mmoja. Kwa leo, siku ya kosa, haina mkono wa kunyosha.

Kago la kukopa

Ipo njia ya nne ambayo swali la chuo liliisahau: kujibanza chini ya bomu la mwenzio. Wenyewe huiita mwavuli. Japani na Korea Kusini ziko chini ya ule wa Marekani, na NATO vile vile. Italia, ambayo watu wake tumewazoea hapa Malindi kuliko watalii wengine wote, inahifadhi mabomu ya nyuklia ya Marekani kwenye ardhi yake. Siku hizi mwavuli unavuja mashaka. Wazungu wanaulizana kama Washington itakubali kuhatarisha mji wake kwa ajili ya wao, na Machi 2025 Rais Macron alifungua mjadala wa kuwafunika wenzake kwa silaha za Ufaransa.

Mwanafunzi akiniambia kwamba nchi ndogo ya Afrika ingefanya busara kutafuta mwavuli, nitamtembeza hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama pale ufukweni. Aprili 1498 Malindi ilikuwa imehasimiana na Mombasa, na Mreno alikuwa na mizinga. Mfalme wa Malindi akampokea kwa heshima, akampa rubani wa kumvusha hadi India. Kwa hesabu ya siku ile alifanya vyema: 1505 Mombasa ilichomwa, Malindi haikuguswa. Lakini tazama mwisho. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, na waliijenga Mombasa, kwa sababu bandari ya Mombasa ndiyo iliyowafaa. Ukoo wa kifalme wa Malindi ukahamishiwa huko, ukatawala chini ya jicho la kapteni wa ngome. Sultani Hassan akagombana na kapteni, akauawa 1614. Mwanawe Yusuf akalelewa Goa, akabatizwa, akarudishwa akiwa mfalme, na 1631 akamuua kapteni na kuiteka ngome. Malindi yenyewe ilibaki magofu na msitu, mpaka Sultani wa Zanzibar alipoifufua karne ya kumi na tisa.

Lamu nao wana hadithi yao. Waliishinda Mombasa kwenye vita vya Shela, takriban 1812, wakaogopa kisasi, wakamwita Sayyid Said wa Omani awalinde. Ngome ikakamilika, ikapendeza, na utawala ukawa wa Omani. Ndugu zangu wa Lamu husema waliita mlinzi. Mimi nasema mlinzi alikuja na mizigo yake ya kukaa.

Mkataba unaochakaa

Sasa nitoe upande mbaya wa ninachokipenda. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia vipatavyo 70,000. Januari 2025, kwa hesabu ya taasisi ya SIPRI ya Stockholm, vilikuwa 12,241. Si mikataba peke yake iliyoleta hilo. Vita baridi vilikwisha na watu wakachoka kulipia. Lakini mkataba ndio uliohakikisha kwamba aliyesema amevunja amevunja kweli. Ule wa makombora ya masafa ya kati, INF, wa 1987, kati ya Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Kisovieti, uliteketeza makombora 2,692 mbele ya macho ya wakaguzi. Na wakati Kennedy alihofia 1963 kwamba miaka ya 1970 kungekuwa na mataifa 15 hadi 25 yenye bomu, leo ni tisa.

Ila turubai limeoza. Marekani ilijitoa katika mkataba wa makombora ya kujikinga 2002, na katika INF 2019, ikiilaumu Urusi kwa kuuvunja. Ukaguzi wa New START ulisimama 2020 kwa sababu ya korona, haukurudi tena. Februari 2023 Urusi ikausimamisha mkataba wenyewe. Novemba mwaka huo ikaondoa ridhaa yake katika mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. New START uliruhusu kuongezwa muda mara moja tu, ukaongezwa 2021, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa 5 Februari 2026, na kikomo chake cha vichwa 1,550 vilivyo tayari kwa kila upande kikaondoka nao. China nayo ina vichwa kama 600, inaongeza, na haitaki kukaa mezani kama mtu wa tatu wakati wale wawili wana karibu asilimia 90 ya vyote. Kwa nafasi yake, hata mimi ningesema hivyo hivyo.

Kuna na dhuluma ya asili. Mkataba wa Kuzuia Kuenea, wa 1968, uliwatambua watano kuwa wenye silaha na kuwakataza wengine wote, kwa ahadi kwamba watano watafanya mazungumzo kwa nia njema ya kuziacha. Kenya iko ndani tangu 1970. Wajukuu wa waliotia saini wana wajukuu, ahadi bado iko njiani.

Hata hivyo mkataba una kitu ambacho kago na mwavuli havina: unampa mdogo kazi. Kilimambogo, karibu na Thika, kuna kituo cha kusikiliza mitetemo ya ardhi kilicho ndani ya mtandao wa kimataifa wa kunasa majaribio ya nyuklia. Mkataba wa majaribio wa 1996 haujaanza kazi rasmi, lakini masikio yake yanafanya kazi usiku na mchana, na moja liko kwetu.

Marufuku bila wenyewe

Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia ulipitishwa 7 Julai 2017 kwa kura 122, Kenya ikiwemo, ukaanza kazi 22 Januari 2021. Walioridhia ni zaidi ya 70, wakiwemo Afrika Kusini na majirani zetu wa Komoro. Wote tisa wenye mabomu walisusia, na wengi wa walio chini ya mwavuli wakasusia nao.

Wanaoucheka kwa sababu hiyo wanasahau mambo mawili. La kwanza, ndio mkataba wa nyuklia unaowataka wanachama kuwasaidia walioathiriwa na matumizi na majaribio ya silaha hizi. Ufaransa ilifanya majaribio 17 Algeria kati ya 1960 na 1966. Kago halijawahi kuwa na kifungu cha watu wa Sahara, wala hesabu za Moscow na Washington.

La pili, marufuku tunayo tayari nyumbani. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo 11 Aprili 1996, umeifanya Afrika yote kuwa ukanda usio na silaha za nyuklia. Jina ni la kituo cha utafiti wa nyuklia cha Afrika Kusini, na huelezwa kuwa latokana na maneno yenye maana ya kwamba jambo limekwisha. Ndani yake Uingereza, Ufaransa, Urusi na China zimeridhia itifaki ya kuahidi kutotupiga kwa nyuklia. Marekani ilitia saini tu. Na lipo doa katikati ya bahari yetu hii: Diego Garcia, kambi ya Marekani katika visiwa vya Chagos, ambayo Waingereza na Wamarekani hawakubali kwamba imo ndani ya ukanda. Ukisimama Malindi ukitazama mashariki, jambo halijakwisha kabisa.

Uchague ipi

Kama mada ya mdahalo wako inahusu miaka mitano ijayo, chukua mkataba, hata uliochakaa, na usimamie neno moja: ukaguzi. Kama inahusu haki, wahanga na sheria, chukua marufuku. Usijaribu kuitetea kama ngao ya kesho asubuhi, utapigwa. Ukipangiwa upande wa kago, litetee kwa ajili ya nchi yenye jirani aliyewahi kuivamia, na usithubutu kulitaja kwa Kenya: Pelindaba inakataza, na hakuna adui anayelihitaji. Mwavuli usiuchukue kabisa.

Mimi nilisimama na mkataba, marufuku ya Pelindaba ikiwa ukuta wa nyuma ya nyumba. Mpwa wangu alinisikiliza hadi mwisho, akachagua marufuku. Akasema mkataba unaongoja saini za Moscow na Washington si chaguo la Kenya, ni dua ya Kenya. Marufuku angalau kalamu iko mkononi mwetu. Nilitafuta jibu nikakuta kikombe kitupu. Mdahalo ni Alhamisi. Jana usiku alinipigia kuuliza kitu kimoja tu, Pelindaba ilianza kazi lini, nikamwambia: 15 Julai 2009, siku Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia.